Mpini wa Ufagio, Mguu wa Kuku

Kuna jamaa yangu, tumetoka mbali, ambaye kila Jumapili usiku hunitumia video za bunduki. Hajawahi kushika bunduki maishani mwake. Anakaa Umoja, anauza kava na chaja za simu, na kitu cha hatari zaidi anachomiliki ni pasi ya umeme yenye waya uliochunika. Lakini ukimuuliza tofauti ya Luger na Walther, hutalala siku hiyo.

Majuzi alinitumia moja ya dakika 40 kuhusu Mauser C96. Mzee mwenye glavu nyeupe anaitoa bastola kwenye kisanduku cha mbao, anaigeuza polepole chini ya taa, anashusha pumzi kama mtu aliyeonyeshwa mtoto mchanga. Chini ya video jamaa akaandika: "Manze, hii ndiyo bastola fiti kuliko zote. Cheki historia." Nikaitazama yote, tena mara mbili. Jibu langu kwenye WhatsApp lilikuwa refu mno, akaliacha na tiki mbili za buluu. Kwa hivyo naliandika hapa. Na wewe ambaye hujui lolote kuhusu Mauser usiogope, tutaenda pole pole.

Kwanza nikubali kwamba imetengenezwa kwa akili. Kabla yake watu walibeba rivolva: gurudumu la vyumba vitano ama sita, kila chumba na risasi yake, na kidole chako ndicho kinachofanya kazi yote ya kulizungusha. Sasa, risasi ikitoka mbele, nguvu hiyo hiyo inarudi nyuma na kukupiga teke mkononi. Miaka ya 1890 mafundi kadhaa wa Ulaya walianza kujiuliza kwa nini teke hilo lipotee bure. Hugo Borchardt alitoa bastola yake mwaka 1893. Ilifanya kazi, ila ilikuwa kubwa na ya ajabu mkononi. Kule Oberndorf, mji mdogo kando ya mto Neckar kusini-magharibi mwa Ujerumani, kwenye kiwanda cha bunduki cha Paul Mauser, ndugu watatu wa ukoo wa Feederle, yaani Fidel, Friedrich na Josef, walikuwa na jibu lao. Mtutu na kufuli yake vinarudi nyuma pamoja hatua ndogo sana, kisha vinaachana. Kufuli inaendelea nyuma peke yake, inatupa ganda tupu nje, inakutana na springi, inasukumwa mbele tena ikiwa imezoa risasi mpya. Wewe unavuta triga tu. Ukitaka ya pili, unavuta tena. Risasi 10 zinaingia kutoka juu zikiwa zimepangwa kwenye ukanda wa chuma, na magazini iko mbele ya triga, si ndani ya mpini kama bastola za leo. Ukiifungua yote mezani utakuta skrubu moja tu, ile inayoshikilia mbao za mpini. Vipande vingine vyote vimeshikana vyenyewe kama fumbo.

Mpini huo ni mwembamba na wa mviringo, ndiyo maana Waingereza wakaiita mpini wa ufagio. Wachina waliiona ala yake ya mbao, ile inayogeuka kuwa kitako cha kuwekea begani, wakaiita mzinga wa sanduku. Sisi hapa tuna jina letu la bastola yoyote ile, mguu wa kuku, na tutalifikia.

Mzee wa glavu anasema Mauser alibuni. Hapana. Mfano wa kwanza ulikuwa tayari Machi 1895, kazi ya akina Feederle, na Desemba mwaka huo hati ya ubunifu ikasajiliwa kwa jina la mwenye kiwanda. Ikaonyeshwa kwa Kaiser Wilhelm wa Pili Agosti 1896 ikiitwa Mauser, na mpaka leo inaitwa Mauser. Kama umewahi kuajiriwa ukaona wazo lako kwenye slaidi za bosi, hii story unaijua. Nataja tu nipite, maana si hapo nina uchungu.

Uchungu wangu uko katikati ya video. Mzee anatuambia kwamba bastola hii iliokoa maisha ya kijana Winston Churchill huko Omdurman mwaka 1898. Picha ya kijana mwenye kofia ya jeshi inapita, sekunde 15 hivi, kisha tunarudishwa kwenye skrubu.

Omdurman iko Sudan. Ni ng'ambo tu ya Khartoum, Nile ikipita katikati. Asubuhi ya Septemba 2, 1898, jeshi la Jenerali Kitchener, watu kama 25,000, wengi wao Wamisri na Wasudani waliokuwa chini ya maafisa wa Kiingereza, lilijipanga mgongo ukiwa mtoni. Mbele yao lilikuja jeshi la Khalifa Abdullahi, wafuasi wa Mahdi, kama watu 50,000. Wengine walikuwa na bunduki, wengi walikuwa na mikuki na panga. Walitembea kwenye uwanda ulio wazi. Kitchener alikuwa na mizinga, alikuwa na meli za vita mtoni, alikuwa na bunduki za rashasha aina ya Maxim. Hata mchana haujasonga sana, zaidi ya watu 10,000 wa Khalifa walikuwa wamekufa. Upande wa Kitchener walikufa 48.

Soma tena hizo namba mbili, usiruke.

Sasa, katikati ya hayo, kikosi cha wapanda farasi kinachoitwa 21st Lancers, watu wapatao 400, kiliona kundi dogo la maadui kikaamua kulivamia. Kumbe nyuma yao kulikuwa na korongo, na ndani ya korongo walijificha zaidi ya 2,000. Farasi wakaingia humo kwa kasi. Kwa dakika mbili hivi watu walipigana ana kwa ana. Lancers 21 wakafa, na farasi zaidi ya 100 wakaanguka ama wakajeruhiwa. Kivita shambulio hilo halikubadilisha kitu, vita vilikuwa vimeshaamuliwa na Maxim na mizinga. Lakini ndilo lililopewa Misalaba mitatu ya Victoria, ndilo lililochorwa picha, ndilo linalosimuliwa. Churchill, miaka 23, alikuwa ndani yake. Bega lake la kulia lilikuwa limeteguka Bombay miaka miwili nyuma, hakuamini upanga, kwa hivyo alikuwa amejinunulia Mauser mpya London. Akaingia korongoni akipiga risasi, akatoka mzima. Baadaye, kwenye barua kwa rafiki yake, aliwahesabu aliowaua kwa mafungu: wa hakika, wa shaka, na wa shaka zaidi. Kama mwindaji anayeandika daftari lake la swara.

Swali langu kwa mzee wa glavu, na kwa jamaa yangu wa Umoja, ni hili. Siku ambayo watu zaidi ya 10,000 waliuawa na mashine zilizopigwa kutoka mbali, mbona tunayoikumbuka ni bastola iliyoua wachache?

Naamini najua kwa nini. Maxim haina shujaa. Inashikwa na watu kadhaa, mmoja analisha ukanda, mwingine anaangalia maji ya kuipoza, na upande wa pili wanaanguka tu. Ukiisimulia hiyo kwa ukweli, unasimulia kazi ya bucha. Lakini bastola inashikwa na mkono mmoja. Ina jina la mwenyewe, ina bega bovu, ina farasi, ina "ilikuwa yeye ama mimi". Mtu akitaka kuisafisha Omdurman, anachohitaji ni kuisogeza kamera iwe karibu, karibu, karibu zaidi, hadi uone kijana mmoja na maadui wake sita, usione uwanda. Na ndivyo historia ya silaha hizi inavyosimuliwa mpaka leo, si kwenye video hiyo peke yake. Kinachoitwa historia ya bastola mara nyingi ni vita vya kumaliza watu vilivyokatwa vikabaki saizi ya mtu mmoja.

Nitendee haki hata Churchill. Mwaka uliofuata alitoa kitabu cha juzuu mbili kuhusu vita hivyo, na ndani yake alilaumu jinsi majeruhi wa Khalifa walivyotendewa, akalaumu pia Kitchener kwa kulinajisi kaburi la Mahdi. Kijana alikuwa na macho. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi: yeye mwenyewe, aliyekuwa pale, alisimulia mengi kuliko wanaomsifu.

Sasa ruka miaka 12, uende London. Desemba 1910, mtaa wa Houndsditch, kundi la wahamiaji kutoka Latvia, wengine wao wanamapinduzi waliokimbia utawala wa Tsar, lilikuwa likitoboa ukuta kuiba kwenye duka la vito. Polisi wakaja, bila bunduki, kama ilivyokuwa desturi huko. Watatu wakapigwa risasi wakafa: Tucker, Bentley na Choate. Januari 3, 1911, wawili wa kundi hilo wakazingirwa kwenye nyumba moja ya Sidney Street, Stepney, mashariki mwa London. Ndani walikuwa na nini? Mauser. Polisi nje walikuwa na rivolva zilizopitwa na wakati na bunduki za mazoezi ya shabaha. Waliozingirwa wakawashinda kwa risasi kiasi kwamba ilibidi askari wa Scots Guards waletwe kutoka Tower of London. Watu wawili walizuia polisi wapatao 200 na wanajeshi kwa saa kadhaa, hadi nyumba ikashika moto wakafia ndani.

Na ni nani alikuja kusimama kwenye kona ya mtaa, na kofia yake ndefu na koti la kola ya manyoya, akachungulia, akapigwa picha hadi akachekwa bungeni? Waziri wa Mambo ya Ndani, Winston Churchill.

Mtu yule yule. Bastola ya aina ile ile. Tofauti ni upande gani wa mtutu alisimama. Mwaka 1898 ilikuwa ujasiri wa kijana na maendeleo ya sayansi. Mwaka 1911 ilikuwa ugaidi wa wageni. Mauaji ya polisi watatu yalifanyiwa ibada kanisa kuu la St Paul's, na ni haki, walikuwa watu waliokwenda kazini wakauawa. Siwatetei wale wa Sidney Street hata kidogo. Naangalia tu kilichofuata. Churchill akapendekeza sheria kali dhidi ya wageni, haikupita. Polisi wa London wakatafutiwa bastola mpya mwaka huo huo, Webley inayojipakia yenyewe, kwa sababu sasa ilikuwa wazi kwamba kusimama mbele ya silaha bora kuliko yako ni jambo la kutisha. Walihitaji Sidney Street kulijua hilo. Omdurman haikuwafundisha, maana Omdurman waliosimama mbele walikuwa wengine.

Mzee wa glavu anaipita Sidney Street kwa sentensi moja, halafu anafurahia kutuambia kwamba huko Ireland, wapiganaji wa miaka ya 1919 hadi 1921 waliiita C96 "Peter the Painter", jina la mshukiwa wa genge lile ambaye hakuwahi kukamatwa. Anacheka kidogo. Ni kweli inachekesha.

China hata hachezi nayo, dakika mbili basi. Na China ndiko bastola hii iliishi. Jeshi la Ujerumani lenyewe halikuichagua kuwa bastola yake rasmi, lilichukua Luger mwaka 1908, likaikumbuka Mauser mwaka 1916 lilipoishiwa silaha, likaagiza 150,000 zenye tarakimu 9 nyekundu iliyochongwa mpinini ili askari asikosee risasi. Lakini China ya miaka ya 1920, nchi iliyokuwa imepasuka vipande vipande chini ya wababe wa vita, na mataifa makubwa yakiwa yamekubaliana kutoiuzia silaha, ilikuta kwamba bastola zinapenya pale bunduki ndefu zinazuiwa. Na bastola yenye kitako cha kuweka begani ni karibu bunduki. Zikaingia kwa wingi. Nyingine zikaja kutoka Hispania, za kunakili. Nyingine zikatengenezwa huko huko: kiwanda cha Taiyuan, chini ya mbabe Yan Xishan, kilitoa yake nene zaidi ya risasi za .45. Zhu De, aliyekuja kuwa kamanda mkuu wa Jeshi Jekundu, aliichora yake maneno ya kukumbuka uasi wa Nanchang wa 1927, na imehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho Beijing. Kama ungetaka kusimulia historia ya C96 kwa uzito wa mahali ilipotumika zaidi, video ya dakika 40 ingekuwa na dakika 30 za China. Badala yake tunapata Churchill, tunapata Tsar na familia yake kupigwa risasi chumba cha chini mwaka 1918, tunapata Hollywood.

Ah, Hollywood. Ile bastola ya Han Solo kwenye Star Wars ya 1977 ni Mauser C96 iliyofungiwa darubini na vikorokoro. Moja kati ya zile za filamu iliuzwa mnadani Marekani mwaka 2022 kwa zaidi ya dola milioni moja. Sina ubaya na Star Wars. Hata mimi nimeua watu wengi sana na C96 kwenye Battlefield 1, kwenye ukumbi wa PS karibu na stage yetu, saa moja kwa mia, na nilikuwa hatari. Ndiyo sababu naongea. Nilijua kasi ya kuipakia kabla sijajua Omdurman ni wapi. Nilikuwa nadhani ni mji wa Uarabuni.

Najua utaniambia nini. Kwamba chuma ni chuma. Kwamba mtu anaweza kupenda uhandisi wa kitu bila kupenda matumizi yake, kama vile unavyoweza kuipenda injini ya matatu bila kumpenda dereva. Nimelifikiria hili na sehemu yake nakubali: akina Feederle walikuwa mafundi wa ajabu, na skrubu moja ni skrubu moja. Lakini injini ina kazi nyingine. Bastola hii iliwekwa kipimo cha kulengea kilichoandikwa hadi mita 1,000, porojo tupu kwa silaha ya mkononi. Hiyo ilikuwa ahadi kwa mnunuzi, na mnunuzi alijua inaahidi nini. Huwezi kuieleza kazi ya ile springi bila kusema springi inaharakisha nini.

Na kuna jambo la pili, hili la kwetu.

Mwaka 1907 Churchill, sasa akiwa Naibu Waziri wa Makoloni, alishuka Mombasa. Akapanda reli hadi juu, akawinda, akavuka Uganda, akafuata Nile hadi Khartoum, akarudi kwao na kitabu kingine. Mwanzoni mwa 1908, baada ya Otenyo wa Kisii kumchoma mkuki afisa wa wilaya Northcote, serikali ya hapa ilituma kikosi cha kuadhibu. Taarifa za waliouawa zilipofika London, Churchill aliandika kulalamika kwamba jambo hilo linafanana na machinjo, na kwamba likijulikana bungeni litaleta balaa. Ona, neno hilo alikuwa nalo. Miaka kumi baada ya korongo la Omdurman aliweza kuangalia namba mbili, za upande huu na za upande ule, akaona zinasema nini.

Kisha akawa waziri mkuu. Awamu ya pili ilianza Oktoba 1951, na hali ya hatari ikatangazwa hapa Kenya Oktoba 1952, yeye akiwa madarakani. Chini ya kanuni za hali ya hatari, kupatikana na bunduki bila kibali, ama hata risasi, likawa kosa la kunyongwa. Si kuua. Kupatikana nayo. Watu 1,090 walinyongwa kwa makosa ya Mau Mau, baadhi yao kwa hilo tu.

Dedan Kimathi alipigwa risasi ya mguu akakamatwa Oktoba 1956, Churchill akiwa ameshastaafu. Wengi wetu tunadhani alishtakiwa kwa kuongoza vita msituni. Hapana. Alisomewa mashtaka mawili mahakamani Nyeri: kumiliki rivolva, na kumiliki risasi sita. Kwa hizo akanyongwa Februari 18, 1957.

Sasa ziweke hizo mbili mezani, kama yule mzee anavyoweka vipande vyake. Huyu alibeba bastola nchi ya watu, akaua nayo kwenye nchi ya watu, akahesabu, na bastola hiyo ikawa pambo la wasifu wake. Huyu alipatikana na bastola kwenye nchi yake mwenyewe, na kupatikana nayo tu kukawa kifo. Mbona hakuna video ya dakika 40 ya rivolva ile? Hakuna mzee wa kuishika na glavu? Najua, haikuwa na utaratibu wa kuvutia, ilikuwa rivolva ya kawaida. Lakini tumeshaona kwamba si utaratibu unaotengeneza hizi hadithi.

Na tusijifanye tumetoka huko. Taarifa za redio za asubuhi tunazijua kwa moyo, unaweza kuzikariri ukipiga mswaki: washukiwa wawili, usiku wa kuamkia leo, mtaa fulani, walipuuza amri ya kujisalimisha, kando yao kulipatikana bastola moja ya kujitengenezea na risasi mbili. Mguu wa kuku. Bastola inatajwa, na idadi ya risasi inatajwa. Majina hayatajwi, umri hautajwi. Nilisoma na mmoja wao darasa la saba. Alikuwa anachora vizuri sana, alichora simba mlangoni pa choo cha shule akachapwa, na simba akakaa hapo hadi tukamaliza. Sijui kama bastola ile ilikuwa yake. Mama yake anasema haikuwa. Ninachojua ni kwamba Churchill, bastola ilimpa jina, na huyu, bastola ilichukua nafasi ya jina lake, na watu mtaani walipoisikia ile sentensi walitikisa kichwa wakaendelea na chai. Nami nilikuwa mmoja wao, kwa siku moja nzima, kabla sijajua ni yeye.

Kwa hivyo ndugu yangu wa Umoja, endelea kuzituma. Sisemi uache. Lakini ukinitumia historia ya bunduki nitauliza maswali ya kuudhi: nani aliisanifu na jina la nani liliandikwa, nani alikuwa mbele yake, walikuwa wangapi, waliitwaje. Na kama video haijui, basi hiyo ni katalogi ya duka, tuiite katalogi.

Nilimtumia rasimu ya makala haya kabla ya kuyachapisha, ili asije akasema nimemwanika. Alikaa nayo siku mbili. Akaniambia hapo kwa pasi nimemwonea, waya ashaufunga na selotepu. Akaniambia hakujua hiyo ya risasi sita, na kwamba hupita pale Kimathi Street karibu kila siku akienda kuchukua mzigo, na kwamba sanamu imeshika bunduki ndefu na kisu, hakuna bastola. Nikamwambia ni kweli, hakuna.

Kisha akaandika: "Na hiyo rivolva ilikuwa ya kampuni gani?"

Nikamjibu sijui kampuni, ilikuwa .38. Akasema ataitafutia video.